Mwenye nyumba, andika kwanza yanayokufunga wewe

Mkataba wa pango unaozunguka mitaani Dar es Salaam unajulikana hata kabla ya kusomwa. Ni ukurasa mmoja, aghalabu uliodurufiwa hadi herufi zimefifia, wenye nafasi za kujaza majina, kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na sahihi za mashahidi. Katikati yamepangwa masharti: mpangaji asipige muziki kwa sauti ya juu, asilaze wageni bila taarifa, asifuge kuku wala mbwa, asimpangishe mtu mwingine, alipe kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na akikiuka lolote kati ya hayo atoke mara moja. Mwenye nyumba anatajwa mara mbili tu, pale anapopokea fedha na pale anapotoa amri ya kuondoka. Anayepangisha kwa mara ya kwanza huupenda mkataba wa aina hii kwa sababu unaonekana mkali. Ukali huo ni wa karatasi. Mkataba unaomlinda mwenye nyumba ni ule unaoanza kwa kuandika wajibu wake yeye mwenyewe, waziwazi na kwa kina, kabla ya kufika kwenye kuku na muziki.

Wanaoingia katika upangishaji siku hizi wengi si watu wa majumba. Ni mtumishi aliyehamia Dodoma baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko, akaacha nyumba yake Kimara au Goba. Ni mstaafu aliyechukua kiinua mgongo akajenga vyumba vinne uani. Ni ndugu waliorithi nyumba ya baba Magomeni na hawajakubaliana kuiuza. Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam una watu milioni 5.38, kwa hiyo wapangaji hawakosekani, na hakuna anayemuuliza mpangishaji mpya kama anaujua mzigo anaojitwisha. Dalali huleta mteja, mara nyingi huleta na karatasi, kisha hupokea malipo yake yaliyozoeleka ya kodi ya mwezi mmoja na kuondoka. Masilahi yake yanakoma siku fedha inapolipwa. Kumwachia yeye uandishi wa mkataba utakaoishi mwaka mzima ni kumkabidhi kazi mtu ambaye hatakuwepo matatizo yakianza.

Kuna wakati udhaifu wa karatasi haukuwa na madhara makubwa, kwa sababu sheria yenyewe ndiyo iliyokuwa mkataba. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na Msajili wa Majumba akawa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote mijini. Kisha ikaja Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyoweka mipaka ya kodi na kutaja sababu ambazo zingeweza kumwondoa mpangaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, Tanzania Bara, kodi imeachwa kwa makubaliano ya wahusika, na wakigombana kinachotazamwa ni kile walichoandika, kikipimwa kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na Sheria ya Mikataba. Wenye nyumba wengi walilipokea badiliko hilo kama ushindi. Ulikuwa ushindi wenye sharti ambalo halikutangazwa sana: aliyekuwa analindwa au kubanwa na sheria moja mahususi, sasa anatakiwa kujiandikia mwenyewe.

Na asipoandika, sheria humwandikia. Hapa ndipo wapangishaji wapya wanapokosea zaidi, kwa kudhani kwamba jambo lisilotajwa kwenye mkataba wao halipo. Sehemu ya Sheria ya Ardhi inayohusu upangishaji inaingiza ahadi kadhaa za mwenye nyumba ndani ya kila mkataba, ziwe zimeandikwa au hazikuandikwa. Mpangaji atakaa kwa amani bila kubughudhiwa na mpangishaji wala watu wake. Nyumba au chumba cha kuishi kitakuwa kinafaa kwa makazi ya binadamu siku ya kuanza, na kitaendelea kuwa hivyo. Ikiwa kilichopangishwa ni sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na maeneo ya matumizi ya pamoja vitatunzwa na mwenye nyumba. Mpangaji naye anabebeshwa yake: kulipa kodi kwa wakati, kuitunza nyumba, kumruhusu mwenye nyumba kuikagua kwa saa za kuridhisha, kutompangisha mwingine bila idhini, na kuirudisha katika hali aliyoikuta, ukiacha uchakavu wa kawaida. Ule ukurasa mmoja wa masharti makali, basi, haumwondolei mwenye nyumba mzigo wowote. Unamwachia mzigo uleule, ila sasa hauna mipaka, hauna muda na hauna utaratibu.

Chukua paa linalovuja. Mkataba ukinyamaza, mpangaji wa vyumba viwili katika nyumba ya vyumba sita ana haki ya kudai paa litengenezwe, na hakuna aliyesema ataarifu kwa njia gani, fundi aje baada ya siku ngapi, au nani agharamie godoro lililolowa. Mwenye nyumba aliyeandika kwamba atatengeneza paa, nyaya za umeme za ndani ya ukuta, mabomba yaliyofukiwa na tanki la choo ndani ya siku kumi na nne tangu apate ujumbe wa maandishi, ujumbe wa simu ukiwemo, amejifunga kweli, lakini amejifunga kwa kipimo anachokijua. Na kwa kuwa ameandika yake, anapata uso wa kuandika na ya mwenzake: koki, balbu, vitasa, vioo vya dirisha na swichi vikiharibika mikononi mwa mpangaji, gharama ni ya mpangaji. Gari la kunyonya maji taka ni ugomvi wa kila mwaka katika nyumba za wapangaji wengi. Sentensi moja inayosema kila kaya itachanga kiasi gani, au kwamba mwenye nyumba ndiye atakayelipa, huumaliza ugomvi huo kabla haujaanza.

Kabla ya hayo yote kuna swali la nani anaruhusiwa kutia sahihi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuiuza, kuitoa zawadi, kuiweka rehani au kuipangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na neno kupangisha limo humo humo, si tafsiri ya kulazimisha. Mume anayehamishiwa kikazi mkoani na kuipangisha nyumba ya familia bila mkewe kuridhia anampa mpangaji mkataba wenye ufa tangu siku ya kwanza. Nyumba ya urithi nayo haipangishwi na kaka mkubwa kwa kuwa ni mkubwa. Inapangishwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, au na warithi wenyewe baada ya mirathi kugawanywa. Sahihi ya ridhaa ya mwenza, au nakala ya barua ya usimamizi wa mirathi iliyoambatishwa, ni jambo la dakika chache. Mpangaji mwenye busara huliomba, na mpangishaji mwenye busara hulitanguliza.

Kwenye fedha, wengi huandika kiasi cha kodi na kuishia hapo. Tuseme kodi ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Je, ndani yake mna maji, taka na ulinzi shirikishi? Mita ya umeme ni ya kila chumba, au wapangaji watatu wanachangia LUKU moja, huku mmoja ana jokofu na mwingine ana pasi tu? Na kodi ya majengo? Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakatwa kupitia ununuzi wa umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na mkato unamwangukia yeye. Shilingi 18,000 kwa mwaka si fedha ya kuvunja ujirani, lakini inatosha kuanzisha manung'uniko yanayoendelea hadi kwenye mambo makubwa. Mkataba unaosema kwamba kiasi hicho kitapunguzwa kwenye kodi inayofuata, au kwamba kodi imepangwa kwa kukizingatia, unafunga mlango huo.

Mpangaji akiwa kampuni, ofisi au mfanyabiashara aliyechukua fremu, kuna kodi ya zuio ya asilimia 10 ambayo anatakiwa kuikata kwenye pango la mpangishaji mkaazi na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba asiye mzoefu hushtuka kuona kodi aliyokubaliana imepungua, hudhani amedhulumiwa, na wengine hudai nyongeza. Mkataba useme tu kama kiasi kilichotajwa ni kabla ya kukatwa zuio au baada yake. Na wale wa Masaki, Oysterbay au Mikocheni waliozoea kutaja kodi kwa dola wanapaswa kukumbuka kwamba kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Anayeandaa mkataba mpya leo anaandika shilingi.

Sasa ile kodi ya miezi sita au mwaka mzima. Hii ndiyo ngao ambayo wenye nyumba wengi wanaitegemea, na ndiyo hoja nzito zaidi dhidi ya ninayoyasema: mkataba mrefu wa nini, ikiwa fedha iko mkononi tayari? Lakini malipo ya mbele si dhamana. Ni kodi, na inaliwa mwezi baada ya mwezi. Siku mpangaji anapotoka, siku ambayo milango iliyovunjika na bili ya maji iliyoachwa vinaonekana, fedha yote imekwisha tumika na mwenye nyumba hana cha kushikilia. Kinachomlinda siku hiyo ni amana: kiasi kinacholipwa kando, tuseme cha mwezi mmoja, kinachoandikiwa risiti yake, na kinachorudishwa ndani ya muda uliotajwa baada ya kukagua nyumba na kutoa gharama zilizothibitishwa. Amana haijazoeleka sana Uswahilini, na haiwezi kuongezwa tu juu ya miezi sita bila kuwafukuza wapangaji wa kipato cha kawaida. Afadhali mwenye nyumba apokee miezi mitatu na amana ya mwezi mmoja kuliko miezi sita mitupu. Anapata fedha pungufu mwanzoni na usalama mkubwa mwishoni.

Amana hiyo haina maana bila kumbukumbu ya hali ya nyumba. Hili ndilo jambo rahisi kuliko yote, na ndilo linalorukwa kuliko yote. Siku ya kukabidhi funguo, pande zote mbili zinapita chumba kwa chumba: rangi ya ukuta, dari, soketi, sinki, nyavu za madirisha, idadi ya funguo, usomaji wa mita ya maji. Yanaandikwa, yanatiwa sahihi, na picha zinapigwa kwa simu na kutumwa kwa wote wawili. Bila karatasi hiyo, mwenye nyumba anayesema sinki lilikuwa zima na mpangaji anayesema alilikuta na ufa wana ushahidi sawa, yaani hawana.

Muda wa mkataba nao una mtego wake. Kwa Sheria ya Ardhi, mkataba usiotaja muda wala notisi ya kuuvunja huhesabiwa kuwa upangaji wa vipindi, na kipindi hupimwa kwa jinsi kodi inavyolipwa. Notisi ya kuuvunja haiwezi kuwa fupi kuliko kipindi hicho. Mwenye nyumba aliyejivunia kupokea kodi ya miezi sita bila kuandika mwisho wa mkataba anaweza kujikuta anadaiwa notisi ya miezi sita anapotaka nyumba yake kwa ajili ya mtoto anayeoa. Vivyo hivyo kwa anayeendelea kupokea kodi baada ya mkataba kwisha, kwa mazoea tu, bila kuandikiana upya. Tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, siku za notisi kwa kila upande, na lini wahusika watazungumza kuhusu kuongeza muda na kodi: mistari minne au mitano, hakuna zaidi. Kifungu cha “atatoka mara moja” hakisaidii kitu hapa, kwa kuwa hakuna baraza litakalokitazama peke yake na kusahau mengine.

Wenye nyumba watasema kuandika wajibu wao ni kumpa mpangaji silaha. Silaha hiyo anayo tayari, sheria imeshampa. Kinachokosekana ni kanuni za matumizi yake, na kanuni hizo zinapatikana kwa kuandika tu. Wengine watasema mkataba wenye vifungu vingi unaleta harufu ya kutoaminiana kati ya watu wanaokaa ua mmoja na kuazimana chumvi. Hoja hii ina heshima yake, kwa maana nyumba nyingi za Uswahilini zimeendeshwa kwa neno la mdomo na hazijabomoka, na hata sheria inaruhusu upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo kuwa wa mdomo. Lakini kuandika hakujawahi kuwa ishara ya uadui katika desturi zetu. Aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, ambayo ni ndefu kuliko zote katika Kurani, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na iliwahutubia waumini wanaoaminiana. Kwa chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi Mbagala, kurasa mbili za Kiswahili chepesi zinatosha. Urefu si kitu. Kitu ni kwamba pande zote mbili zimo.

Na ziwe za Kiswahili kweli. Mikataba ya Kiingereza iliyochotwa mtandaoni, yenye vifungu vinavyotaja sheria za Uingereza au za jimbo fulani la Marekani, inaonekana ya kitaalamu na haimsaidii yeyote. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza, hivyo hakuna sababu ya mwenye nyumba na mpangaji wake kutia sahihi maneno ambayo wote wawili hawayaelewi sawasawa. Mwenye nyumba ana haki ya kujiandikia mkataba wake. Akimlipa mtu auandike, mtu huyo awe wakili, kwa sababu Sheria ya Mawakili inamkataza asiye na sifa kuandaa hati za aina hii kwa malipo.

Imebaki hofu ambayo husemwa kwa sauti ya chini: mkataba ulioandikwa vizuri utamleta mtu wa kodi. Ni kweli kwamba mkataba wa pango unatozwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwa kodi ya 300,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 36,000. Anayeikwepa anaokoa fedha hiyo na kupoteza ushahidi wake, kwa kuwa hati isiyolipiwa ushuru haipokelewi mahakamani mpaka ulipwe pamoja na adhabu yake. Muhuri wa serikali ya mtaa ni mzuri kwa kuthibitisha kwamba mwenyekiti aliwaona wahusika wakitia sahihi, lakini hauchukui nafasi ya stempu. Na pato la pango linatozwa kodi liwe limeandikwa au halikuandikwa. Tofauti ni kwamba asiyeandika hawezi kumshitaki mpangaji sugu bila kujifichua mwenyewe, na wapangaji sugu wanalijua hilo vizuri.

Mambo yakiharibika, njia ni ileile kwa mwenye mkataba mzuri na mbaya. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata halina tena mamlaka ya kutoa hukumu katika migogoro ya ardhi na nyumba. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kung'oa mlango, kuezua mabati au kukata umeme ili mpangaji atoke ni kuvunja ahadi ya kwanza kabisa ya mpangishaji, ile ya kumwacha mpangaji akae kwa amani, na humgeuza mdai kuwa mdaiwa. Baraza litauliza mkataba uko wapi, umelipiwa stempu au la, nyumba ilikuwa katika hali gani, notisi ilitolewa lini, na mwenye nyumba alitimiza lipi kati ya yaliyomhusu.

Kwa hiyo, unayejiandaa kupangisha kwa mara ya kwanza, usianze na dalali. Kaa na mwenza wako au na warithi wenzako, chukueni karatasi, na sehemu ya kwanza iwe na kichwa “Wajibu wa Mpangishaji”. Mkimaliza hiyo ndipo muandike ya mpangaji. Ukishapata mpangaji na kutiana sahihi, una siku 30 za kuupeleka mkataba TRA ukalipiwe ushuru wa stempu.